Jina la Ukoo wa Cholmondeley

Miongoni mwa majina ya koo za Kiingereza limo moja lisilopatikana kwa wengi, ambalo mwanafunzi akilikuta kitabuni hulisoma silabi kwa silabi na bado hukosea. Huandikwa Cholmondeley, herufi 12, lakini hutamkwa Chamli. Kalamu ilishikilia tahajia ya kale, na vinywa vya watu vikaendelea kulifupisha. Huko kwao mgeni hutambulikana mara alitamkapo.

Asili ya jina hili ni mahali. Katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi ya Uingereza, kipo kijiji kiitwacho hivyo, nacho kimetajwa kwa tahajia ya Calmundelei katika daftari kubwa la ardhi lililoandikwa 1086 kwa amri ya Mfalme William. Tukitaka maana yake hatuna budi kurejea Kiingereza cha Kale. Ceolmund lilikuwa jina la mtu, lililoundwa kwa maneno mawili, chombo cha baharini na ulinzi. Neno leah nalo ni mahali palipofyekwa msituni. Sisi tungalisema "Kwa Ceolmund", kama wakazi wa Dar es Salaam wasemavyo Kwa Aziz Ali. Basi mtu aliipa ardhi jina, na karne kadhaa baadaye ardhi hiyo ikaupa ukoo jina, kwani mabwana wa kijiji hicho walijiita kwacho.

Mwaka 1821 tawi moja la ukoo lilipewa cheo cha Baron Delamere, kutokana na msitu mmoja wa Cheshire wenye maziwa. Kwa cheo hicho ndivyo Afrika Mashariki ilivyomjua Hugh Cholmondeley (1870–1931), Delamere wa tatu, kiongozi wa walowezi wa Kenya. Wengi waliolitaja jina la Delamere hawakupata kulisikia lile la ukoo wake. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99.

Hapa ndipo tunaposita. Jina la kale lilishuhudia kazi ya shoka. Mkataba wa Njoro ulishuhudia kazi ya wino. Wala ardhi hiyo haikuwa ikingoja kupewa jina. Njoro ni jina la Kimaasai, na Soysambu, shamba lake jingine, ni vivyo hivyo. Waliotunga majina hayo walikuwa wafugaji wa Bonde la Ufa, nao kwa mapatano ya 1904, ambayo wao hawakuwa na nguvu ya kuyakataa, walihamishwa kupisha walowezi.

Mjini Nairobi barabara kuu ilipewa jina la Delamere, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Baada ya Uhuru wa 1963 sanamu iliondolewa, na barabara ikaitwa Kenyatta. Huko bondeni hapakuwa na haja ya kubadili kibao: Njoro ilikuwa ingali Njoro, na Soysambu ingali Soysambu.