Rwenzori: mlima ulioingiliwa kwa mlango wetu

Beni, mashariki mwa Kongo, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Upande wa mashariki hakuna kitu ila mawingu. Kisha pazia linafunguka kidogo, weupe unachungulia juu ya misitu, na kabla hujamwita mwenzako aje aone, umeshapotea. Kwa Kinande weupe huo unaitwa nzururu, yaani theluji. Rwenzururu ni mahali pake. Mpelelezi Stanley, aliyepita bonde la Semliki mwaka 1889 akiwa na Emin Pasha aliyetumwa kumwokoa, aliandika «Ruwenzori», na sikio la mgeni likashinda ulimi wa wenyeji hadi leo kwenye ramani.

Juni mwaka huo Luteni Stairs, mtu wa Stanley, alijaribu kupanda kutokea bondeni akifuatana na wapagazi wa Kizanzibari. Mabonde yenye kina na baridi viliwarudisha wakiwa kwenye mita 3,200 hivi. Huenda ndiyo siku ya kwanza Kiswahili kulalamikia baridi ya mlima huu! Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alifuata mto Butahu, akavuka mita 4,000. Sifa zote, hata hivyo, zilikwenda kwa Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, aliyefika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwaka 1906. Yeye alipitia Uganda. Wabelgiji walirudi kwenye njia ya Butahu mwaka 1932, wakiongozwa na Xavier de Grunne, na kufikia 1935 ubavu wetu wa mlima ulikuwa umeingizwa katika Parc Albert, mbuga ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga.

Hao wote walitafuta vilele. Kwa Wanande na ndugu zao Wakonzo wa ng'ambo, Uganda, huko juu ni nyumbani kwa mungu Kitasamba, na mkewe Nyabibuya ndiye anayeombwa watoto. Hekalu lao halina ukuta wala kengele. Mwindaji alijenga kibanda kidogo cha miti na majani, kisichotosha hata mtoto kulala, akaweka humo chakula kidogo kabla ya kuingia msituni. Wamisionari walidhani ni michezo ya watoto, au ushetani, kutegemea nani alikuwa anaandika. Mimi naona ni adabu tu: huingii kwa mtu bila kubisha hodi.

Mutwanga, chini ya mlima, maji ya Butahu yanashuka yakigonga mawe kwa kelele inayomlazimu muuza ndizi kupaza sauti. Tia mkono: ubaridi unapanda hadi kwenye kiwiko. Tangu 2013 maji hayo yanazungusha mitambo midogo ya umeme ya mbuga, na taa zinawaka katika nyumba ambazo zamani zilijua kibatari tu.

Ukitaka kupanda, walinzi wa mbuga wanaanzia Mutsora; kuna vibanda Kalonge, Mahangu na Kiondo, kila kimoja juu ya mwenzake. Lakini miaka hii wapandaji ni wachache. Vita vimemwaga damu nyingi kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Kasindi, na watu wa Mutwanga wenyewe wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena.

Nayo nzururu inapungua. Mwaka 1906 barafu ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imeshuka chini ya moja. Wazee wanauliza Kitasamba atahamia wapi.