Wapagazi kwenye Ramani: Kuunda Senario ya Vita vya 1916 kutoka Kivu hadi Tabora

Michezo ya kompyuta ya mkakati inayochezwa kwa zamu, kama Civilization iliyotolewa mwaka 1991 na Freeciv inayopatikana bure, humruhusu mtu kutunga senario yake mwenyewe. Mtunzi huchora ramani, hupanga majeshi, huweka tarehe ya kuanza na hueleza nani atahesabiwa kuwa mshindi. Wengi huichukulia kazi hii kuwa burudani. Insha hii inaiona kuwa kazi ya kihistoria, kwa sababu kila kanuni anayoweka mtunzi ni dai kuhusu sababu za mambo yaliyotokea. Mfano ninaoutumia ni safari ya kivita ya jeshi la Kongo ya Wabelgiji kutoka Ziwa Kivu hadi Tabora mwaka 1916. Hoja yangu ni kwamba senario ya vita hivyo ikikosa wapagazi itakuwa ya uongo, hata kama tarehe zake zote ni sahihi.

Kwanza tuitazame historia yenyewe. Tangu mwaka 1914 Wajerumani waliokuwa Rwanda na Wabelgiji waliokuwa Kongo walikuwa wakitazamana na kushambuliana kandokando ya Ziwa Kivu. Mwezi Aprili 1916 Jenerali Charles Tombeur aliamuru jeshi lake, Force Publique, livuke mpaka. Lilikuwa na askari zaidi ya 10,000, karibu wote Waafrika wa Kongo, katika brigedi mbili: ya kaskazini chini ya Molitor na ya kusini chini ya Olsen. Kigali ilitekwa mwezi Mei, Usumbura (leo Bujumbura) mwezi Juni, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Wajerumani hawakuwa na askari wa kutosha kuwazuia, kwa kuwa sehemu kubwa ya jeshi lao, chini ya Lettow-Vorbeck, ilikuwa ikipambana na Jenerali Smuts upande wa mashariki.

Sehemu kubwa ya historia hii huingia mchezoni bila taabu. Zamu moja ikiwa wiki moja, senario nzima itakuwa na zamu 22 hivi. Ramani itaonyesha milima ya Rwanda na Burundi, maziwa matatu ya Kivu, Tanganyika na Victoria, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Tatizo linaanza jeshi linapoanza kutembea. Katika Freeciv, kikosi hulishwa na mji wake wa nyumbani, na umbali kati ya kikosi na mji huo hauhesabiwi. Kikosi kilicho hatua moja kutoka mjini na kile kilicho mwisho wa ramani hugharimu sawasawa. Kanuni hiyo inaweza kuufaa mchezo unaopita karne nyingi. Ikiletwa kwenye vita vya 1916, inafuta jambo lililoamua karibu kila kitu.

Katika sehemu kubwa ya njia hiyo hapakuwa na reli wala barabara ya magari, na mahali pengi mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na punda. Mzigo ulibebwa kichwani. Tuseme mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku, naye askari anakula kilo moja vilevile. Mpagazi lazima ale akienda na akirudi. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5, atakula kilo 10 njiani na kufikisha 15. Ikiwa mwendo wa siku 10, atakula 20 na kufikisha 5. Ikiwa mwendo wa siku 12, atafikisha kilo moja tu. Sasa tuseme kuna askari 1,000 wa kulishwa kila siku. Kwa umbali wa siku 5 watahitajika wapagazi karibu 670 wanaopokezana. Kwa siku 10 watahitajika 4,000. Kwa siku 12 watahitajika 24,000. Siku ya 13 hakuna idadi ya wapagazi inayotosha, kwa kuwa mzigo wote huliwa njiani. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, siku 12 ni kilomita 240. Kutoka Kigali hadi Tabora, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 400.

Jeshi lilifikaje, basi? Hesabu inaonyesha njia tatu, na hizo tatu ndizo anazopaswa kupewa mchezaji. Njia ya kwanza ni maghala. Kukiwa na ghala kila mwisho wa siku moja ya mwendo, kila mpagazi akibeba mzigo kutoka ghala moja hadi linalofuata na kurudi, askari wale 1,000 walio umbali wa siku 12 watalishwa na wapagazi kama 1,720 badala ya 24,000. Lakini maghala hujengwa, hujazwa na kulindwa, na adui hasubiri. Anayeyajenga hupoteza wiki. Anayekimbiza adui huyaacha nyuma. Njia ya pili ni maji na reli, yaani meli za Ziwa Victoria na Tanganyika pamoja na Reli ya Kati. Hizi zilifaa zaidi baada ya Mwanza na Kigoma kutekwa mwezi Julai, ingawa Wajerumani walibomoa madaraja ya reli walipokuwa wakirudi nyuma. Njia ya tatu ni kuchukua chakula cha vijiji vya njiani na kupunguza posho ya wapagazi.

Kwa kamanda mwenye haraka, njia ya tatu ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Katika mchezo usiohesabu vijiji haina gharama yoyote, na mchezaji ataitumia kila mara bila hata kujua kwamba amechagua kitu. Katika historia iliwagharimu watu wengine. Upande wa Wabelgiji peke yao walitumia wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita hivi, na Waingereza walichangia wapagazi wa Uganda katika kikosi kilichoitwa Carbel. Upande wa Waingereza, takwimu rasmi za wapagazi waliokufa katika vita vyote vya Afrika Mashariki zinakaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa idadi halisi ni kubwa zaidi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi na muda mfupi wa kuupika, matumbo yao yakaharibika. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, eneo ambalo majeshi yalikaa tangu 1914, njaa iliyoitwa Rumanura iliua watu wengi katika miaka hiyo. Mvua na magonjwa yalichangia, lakini eneo hilo lilikuwa limekwisha kutoa chakula na vijana wake kwa majeshi ya pande mbili.

Kwa hiyo ninapendekeza kanuni tatu. Kwanza, wapagazi wawe kikosi kinachoonekana kwenye ramani, chenye idadi, kinachokula kila zamu na kinachopungua kwa maradhi. Pili, kila eneo lenye watu liwe na akiba ya chakula na idadi ya vijana. Jeshi likichukua mpagazi, shamba linapoteza mkono. Likichukua chakula, akiba inashuka na hairudi kabla ya mavuno. Jeshi la pili likipita hapo halitapata kitu. Tatu, watawala wa wenyeji wasichorwe kama sehemu ya mandhari. Rwanda ilikuwa na Mwami Yuhi Musinga, ambaye Wajerumani walitawala kupitia kwake na ambaye Wabelgiji nao walimwacha kwenye kiti hadi walipomwondoa mwaka 1931. Burundi ilikuwa na Mwambutsa, aliyetawazwa akiwa mtoto mdogo, huku mamlaka yakiwa mikononi mwa wakubwa wa ukoo wa kifalme. Wapagazi walipatikana kupitia machifu, kwa hiyo kasi ya jeshi ilitegemea pia mahusiano haya.

Swali gumu kuliko yote ni nani ameshinda. Jibu la haraka ni kwamba anayeteka Tabora kabla ya mwisho wa Septemba ndiye mshindi. Lakini Wabelgiji hawakubaki Tabora. Walikuwa wakitafuta ardhi ya kuwapa nguvu katika mazungumzo ya amani, na walitumaini kuibadilisha kwa ardhi ya Wareno karibu na mdomo wa Mto Kongo. Mpango huo haukufanikiwa. Kwa makubaliano ya mwaka 1919 kati ya Orts na Milner, Wabelgiji walibaki na Rwanda na Burundi, na Waingereza wakachukua sehemu iliyobaki, Tabora ikiwemo. Senario inayotoa ushindi kwa Tabora pekee inachukua furaha ya magazeti ya wakati ule na kuiita matokeo. Afadhali alama zitolewe kwa ardhi inayoshikiliwa mwishoni, na nchi iliyoliwa hadi mizizi iwe na thamani ndogo kwa anayeishikilia.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mtu anaweza kusema kuwa kumwezesha mchezaji kukamata wapagazi kwa kubonyeza kitufe ni kugeuza mateso ya mababu zetu kuwa mchezo. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, na ndiyo maana sipendekezi alama zozote kwa vifo, ziwe za kuongeza wala za kupunguza. Lakini tukiwaondoa wapagazi kwa heshima hiyo, tutabaki na ramani ambayo askari wanajitembeza wenyewe juu ya nchi isiyo na watu. Ramani ya namna hiyo imekwisha chorwa mara nyingi, katika vitabu vya makamanda vilivyosifu mbinu na ushujaa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, hutajwa kila siku na watu wengi wasiojua lilikotoka.

Kuna jambo moja ambalo mchezo unaweza kulifanya vizuri kuliko aya ya kitabu. Msomaji akiambiwa kuwa wapagazi walikuwa wengi, anakubali na kusonga mbele. Mchezaji aliye zamu ya 15, ambaye jeshi lake liko siku 12 kutoka ghala la mwisho, analazimika kuamua: asimame apoteze wiki tatu, apunguze posho, au aingie vijijini. Mwisho wa mchezo skrini inapaswa kumwonyesha ramani ileile ya mwanzo, ikiwa na idadi ya watu na chakula kilichobaki katika kila eneo alilopita, pamoja na zamu ambayo aliamua hivyo.