Mkono wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na gari dogo la Kiingereza, kuukuu, la enzi zile ambazo magari mengi hayakuwa na taa za kupepesa za kuonyesha yanakoelekea. Ubavuni, katikati ya milango, kulikuwa na kijiti chenye taa ndani yake. Ukibonyeza swichi, kijiti kiliinuka kama bawa la kifaranga. Bawa la kulia la gari la mjomba lilikuwa limekufa siku nyingi, basi yeye alitoa mkono dirishani, liwe jua au mvua. "Mjomba," aliniambia siku moja, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "usimfanye mwenzako abahatishe nia yako."

Nilipokuja kushika usukani wangu mwenyewe nilijiuliza ni nani walioanza kufikiri kwamba gari liseme lenyewe. Wa zamani niliyemkuta ni Percy Douglas-Hamilton, aliyeomba hataza huko Marekani mwaka 1907 akaipata 1909. Hataza, kwa msomaji asiyeizoea, ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze kifaa chake kwa muda maalumu. Naye kwa upande wake hukieleza hadharani. Kifaa cha bwana huyu kilikuwa na umbo la mikono, kama ule wa mjomba. Siku hizo hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Kwa hiyo yake ilikoma 1926, viwanda vikiwa bado havijaona haja.

Lakini aliyenigusa zaidi ni mwanamke. Florence Lawrence alizaliwa Hamilton, Kanada, mwaka 1886, akawa nyota wa sinema zisizo na sauti. Kampuni ya Biograph haikutangaza majina ya waigizaji wake, hivyo watazamaji walimjua tu kama Msichana wa Biograph. Alipenda magari, na si kuyapanda tu. Mnamo 1914 alibuni mkono uliofungwa nyuma ya gari: dereva akibonyeza kitufe, mkono ulipanda au kushuka kuwaonyesha wa nyuma anakokata. Alibuni pia kibao cha kusimama, kilichojitokeza breki ilipokanyagwa. Hakuchukua hataza. Mama yake, Charlotte Bridgwood, alichukua ya kwake mwaka 1917, ya kifaa cha umeme cha kufuta kioo cha mbele. Hati aliipata, utajiri hakuupata.

Wengine wakaendelea. Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mabawa ya aina ile ya mjomba mwaka 1928. Kisha Buick wakatoa taa za kupepesa kwenye magari yao ya 1939, na katika yale ya 1940 swichi ikawa inajizima yenyewe. Siri yake ni ndogo. Usukani ukizungushwa na kurudi, kijino kilichofungwa kwenye shina lake hukigonga kishikio cha swichi na kukirudisha katikati. Hata ule mlio wa tiki-tiki, katika magari ya zamani, ulikuwa wa kipande cha chuma kilichopata moto na kukata umeme, kikapoa na kuurudisha. Florence Lawrence alifariki tarehe 28 Desemba 1938.

Wanaosimulia habari zake hupenda kusikitika kwamba alipoteza mamilioni kwa kutokwenda kwenye ofisi ya hataza. Mimi nimepiga hesabu, siafiki. Tuseme angepewa hati mwaka 1915. Ingekoma 1932, miaka kadhaa kabla ya Buick. Tena hataza hulinda namna kifaa kinavyofanya kazi, hailindi wazo la kuashiria. Mkono wake wa nyuma ya gari na taa ya Buick ni vitu viwili tofauti. Fedha, naona, asingezipata.

Alichokosa ni jina. Douglas-Hamilton hakuonekana kufaidi chochote, lakini mtu akifungua kumbukumbu za hataza anamkuta pale, na michoro yake, na tarehe. Bibi huyu, ambaye kampuni ya Biograph ililificha jina lake, hana ukurasa huo. Kaburi lake lilikaa bila alama hadi mwaka 1991, alipowekewa jiwe linalomtaja kuwa Msichana wa Biograph na nyota wa kwanza wa sinema. Habari za magari hazimo.

Gari la mjomba liliishia kuuzwa vipuri. Niliomba lile bawa la kushoto, ambalo lilikuwa bado zima. Liko kwenye mtoto wa meza hii ninayoandikia.