Kutoka Madaraka Mikoani hadi PlanRep: Nani Hushika Swichi?

Wanafunzi wa utawala huniuliza kwa nini, katika somo la historia ya serikali za mitaa, ninatumia muda kueleza jinsi programu za kompyuta zinavyoundwa. Jibu langu ni kwamba mgawanyo wa madaraka nchini mwetu sasa umeandikwa mahali pawili: katika sheria, na katika mifumo ya TEHAMA inayosimamiwa kutoka Dodoma. Asomaye sheria peke yake anasoma nusu ya historia.

Tuanze na mwaka 1972. Serikali ilianzisha sera ya Madaraka Mikoani, iliyoandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Lakini halmashauri za wilaya, zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa, zilivunjwa, na kazi zake zikashikwa na watendaji walioteuliwa kutoka juu. Zilizohama ni ofisi, mamlaka hayakuhama. Ilibidi zije sheria za mwaka 1982 ndipo halmashauri za wilaya zirejeshwe mwaka 1984. Chombo cha wananchi kilizimwa, kisha kikawashwa, na mara zote mbili uamuzi ulikuwa wa Serikali Kuu.

Mwaka 2004 ulileta utaratibu mwingine: ruzuku ya maendeleo kwa serikali za mitaa iliyotolewa kwa masharti. Halmashauri ilipimwa kila mwaka. Iliyotimiza masharti ya chini ilipata fedha za miradi. Iliyoshindwa ilizikosa, ila iliendelea kupewa fedha za kujijengea uwezo ili mwaka unaofuata ijaribu tena. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa na heshima mbili: masharti yalijulikana kabla, na aliyefungiwa mlango alioneshwa njia ya kuufungua.

Septemba 2017, hapa Dodoma, ilizinduliwa PlanRep mpya, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri unaotumika kupitia intaneti. Toleo la zamani liliwekwa katika kompyuta za kila halmashauri, na kujumlisha taarifa za nchi nzima kulikuwa kazi ya kukusanya vipande. Sasa halmashauri zote za Tanzania Bara, ambazo leo ni 184, zinaingia katika mfumo mmoja. Mwaka huohuo wa fedha, 2017/18, vituo vya afya na zahanati vilianza kupokea fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja, na hivyo navyo vikahitaji kupanga na kutoa hesabu.

Mfumo mmoja hauwezi kumwonesha kila mtu kila kitu. Kwa hiyo wahandisi wa mifumo ya aina hii huigawa katika moduli: bajeti hapa, mapato pale, taarifa za utekelezaji kwingine. Kila moduli hufungwa kwa masharti. Mwenye cheo fulani ataiona, mwingine hataiona. Kipindi cha kupanga kikifika inafunguka, kikiisha inajifunga. Ukomo wa bajeti usipoingizwa, hatua inayofuata haifanyi kazi. Mhandisi makini anajua kwamba kuficha kitufe kwenye skrini hakutoshi, kwa sababu anayejua njia ataizunguka. Sharti lazima likaguliwe katika seva yenyewe, kila ombi linapofika.

Ubunifu huu ni mzuri. Unaruhusu jambo jipya kujaribiwa katika wilaya chache kabla ya kuenezwa, na linapoharibika huzimwa lenyewe bila kuangusha mfumo mzima. Wasiwasi wangu uko kwingine. Chukulia mganga mfawidhi wa zahanati wilayani Chemba. Kamati ya kituo imekubaliana kununua vitanda vya kujifungulia, lakini akiingia katika mfumo haoni mahali pa kuandika badiliko hilo. Je, sheria inamkataza? Je, halmashauri haijaingiza ukomo? Au kuna mtu aliyezima kipengele akasahau kukiwasha? Kwake yeye yote matatu yana sura moja: ukurasa usio na kitufe. Amri ya mwaka 1972 ilitangazwa, ikasomwa, ikabishaniwa. Swichi huzimwa kimya.

Ndiyo maana ninawaomba watumishi wa umma wanaosimamia mifumo hii walichukulie kila sharti kama kanuni ndogo ya utawala. Liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtumishi wa zahanati. Kila kipengele kinapowashwa au kuzimwa, kumbukumbu ioneshe tarehe, cheo cha aliyeamua na sababu. Na mtumiaji anapozuiwa, mfumo umwambie ni sharti gani halijatimia na nani wa kumwendea, kama ruzuku ya 2004 ilivyomwonesha aliyeshindwa pa kuanzia.

Wanaharakati nao wana kazi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatupa mlango wa kuuliza, nasi tumezoea kuuliza kuhusu fedha na mikataba. Tuulize pia orodha ya masharti yaliyomo ndani ya mifumo: yaliwekwa lini, na yanamzuia nani. Diwani anayepitisha bajeti bila kujua masharti hayo anaidhinisha uamuzi uliokwisha kufanywa na mtu ambaye hakupigiwa kura.