Ziwa Lililopandwa Samaki

Katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi, jimbo la Oregon, liko ziwa juu ya mlima liitwalo Crater Lake. Twataka kueleza habari za samaki wake, maana hapo kale hakuwamo hata mmoja.

Yapata miaka 7,700 iliyopita palisimama hapo mlima mrefu wa moto, ambao wataalamu wauita Mazama. Mlima huo ulipasuka, ukatapika moto na majivu, kisha kilele chake kikabomoka kikaangukia ndani. Shimo lililobaki likajaa maji ya mvua na theluji polepole. Hakuna mto uingiao wala utokao. Kina chake chapata mita 594, na maji yake ni maangavu ajabu. Watu wa Klamath, wenyeji wa nchi ile, husimulia vita vya wakuu wawili wa roho, Llao wa chini na Skell wa juu, hata mlima ukaanguka. Mtu asiicheke hadithi hiyo upesi. Katika mwaka 1938, katika pango la Fort Rock, vilichimbuliwa viatu vya kusukwa vilivyolala chini ya majivu ya mlima ule ule. Basi watu walikuwako nchini kabla ya majivu kuanguka.

Wazungu waliliona mara ya kwanza tarehe 12 Juni, 1853. John Wesley Hillman na wenzake walikuwa wakitafuta dhahabu, na yasemwa kwamba nyumbu wake ndiye aliyesimama ghafula ukingoni, la sivyo wangalitumbukia.

Lakini mtu aliyelipenda kuliko wote ni William Gladstone Steel. Mwenyewe alisimulia kwamba katika mwaka 1870, alipokuwa mwanafunzi huko Kansas, alisoma habari za ziwa hilo katika gazeti lililofungiwa chakula chake, akaazimu kuliona. Alilifikia mwaka 1885, baada ya miaka 15. Tangu siku hiyo hakutulia: aliandika barua, akakusanya sahihi, akatumia fedha zake, mpaka tarehe 22 Mei, 1902 Rais Theodore Roosevelt alipotia sahihi sheria ya kulifanya hifadhi ya taifa.

Steel aliona kwamba mtu apigaye hema mlimani atapenda pia kuvua. Kwa hiyo katika mwaka 1888 alichukua trauti wadogo 600 katika ndoo, akasafiri nao kwa shida nyingi katika njia mbaya, akiwabadilishia maji katika vijito. Alipofika ziwani walibaki hai 37 tu. Baadaye wengine waliendelea kupanda samaki wa aina mbalimbali hata mwaka 1941. Waliodumu ni aina mbili, trauti na samoni wadogo waitwao kokanee, nao huzaana wenyewe. Kwa miaka mingi wavuvi walishuka kwa njia ya Cleetwood, iteremkayo zaidi ya mita 200 mpaka majini. Kushuka si kazi; kupanda ndiko kunakomjulisha mtu magoti yake. Hawakudaiwa leseni wala kuwekewa kikomo cha samaki, ila walikatazwa chambo cha asili, kusudi wasiingize kiumbe kingine kigeni.

Katazo hilo lina sababu yake. Katika mwaka 1915 walitiwa ziwani kamba wa maji baridi, wenye magando, wawe chakula cha samaki. Nia ilikuwa njema, nasi hatuoni kwamba watu wale walifanya kwa uovu. Waliona maji matupu, wakadhani hayana mwenyewe. Kumbe alikuwamo mnyama mdogo mfano wa mjusi, jamaa ya chura, asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Kwa kuwa hakuwa na samaki wa kumwinda, hakujifunza kujihadhari. Kamba humla, tena hula wadudu ambao ndio riziki yake. Wameenea sasa karibu ukingo wote wa ziwa, na kila walipokaa wanyama wale wamepungua sana au wametoweka kabisa.