Enzi za "gari halina moto": mafundi wa Mara waliokaa miaka 6 bila spea

Wadau, leo gari likizima mtu anampigia fundi simu, spea inakuja na basi kutoka Mwanza. Sasa rudi nyuma kidogo. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mlango wa karibu wa spea za Kenya kwa watu wa Musoma ulikuwa Sirari. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati ikaja Vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka. Magari yakaachwa kwa mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Malori ya dizeli hayakuwa na shida hii, maana dizeli haina plagi. Taabu ilikuwa kwa ya petroli: Land Rover, Peugeot 404, pikapu kuukuu. Likigoma porini kati ya Bunda na Musoma na mgonjwa yuko nyuma, ndo basi tena.

Mfumo wenyewe ni wa Mmarekani Charles Kettering, uliingia kwenye Cadillac za 1910 na haukubadilika sana kwa miaka 60. Ndani ya distributa kuna pointi mbili za chuma zinazogusana na kuachana. Kila zikiachana, koili inageuza volti 12 za betri kuwa maelfu, rota inapeleka moto kwenye plagi inayofuata.

Fundi mzuri hakuanza kufungua ovyo. Alichomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, akaushika kwa koleo yenye mpira, ncha yake milimita 5 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, utingo akapiga stata. Cheche ya bluu inayolia "ta!" ni nzima. Ikiwa ya njano na nyembamba, moto ni dhaifu. Moto ukiwepo hapo lakini plagi hazipati, basi ugonjwa uko mbele: rota, nyaya au kava la distributa. Asubuhi zenye unyevu wa ziwani kava lilifutwa kwa kitambaa kikavu, kisha likatazamwa juani kama lina kamstari keusi, mwembamba kama unywele. Hapo ndipo umeme unapopotelea.

Moto usipokuwepo kabisa, macho yanaenda kwenye pointi. Zimeungua? Msasa laini, halafu nafasi ipimwe, milimita 0.35 hadi 0.40 kwa Land Rover nyingi. Fila geji hakuna? Wembe mmoja una unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo nyembe 4 zikibanwa pamoja zinatosha.

Na hapa ndipo fundi alipotofautiana na mbabaishaji. Mbabaishaji alipiga msasa, gari likawaka, akalipwa. Baada ya siku mbili limezima tena Butiama, msasa tena, mpaka chuma cha pointi kikaisha, na pointi mpya hazipatikani! Kumbe mgonjwa alikuwa kondensa, kale kakopo kadogo kanakozuia umeme kuruka kati ya pointi zinapoachana. Kakifa, pointi zinatoa cheche kubwa zenyewe, zinaungua, upande mmoja unaota kichuguu na mwingine unachimbika shimo. Koili nayo inakosa nguvu.

Bahati nzuri kondensa za magari mengi zinakaribiana, mikrofaradi 0.2 hivi. Ya Peugeot iliyokufa inaweza kufungwa kwenye Land Rover, ikining'inia kwa waya, na gari likaenda. Ndiyo maana mikweche nyuma ya gereji haikuwa takataka bwana, lilikuwa duka.

Kuanzia 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, na pikapu za Kijapani zikaongezeka. Mwaka uliofuata Mwalimu aling'atuka akarudi Butiama. Pointi zikaanza kupotea taratibu. Bodaboda za leo pale Bunda zina CDI, kiboksi kilichozibwa kote. Kikifa hakuna cha kupiga msasa, unanunua kingine.