Katizo: Jambo Lenyewe na Jina Lake

Kompyuta za kwanza zilikuwa na subira iliyopita kiasi. Zikiamriwa kuchapa herufi moja, zilisimama zikiingoja taipureta imalize, ilhali katika muda huo zingaliweza kufanya hesabu nyingi. Njia nyingine ilikuwa kukiulizauliza kifaa kama kimekwisha kazi yake, mfano wa mpishi afunuaye chungu kila mara. Mwaka 1954 Idara ya Viwango ya Taifa ya Marekani ilikuwa na mashine iitwayo DYSEAC, ambamo kifaa chenyewe kiliweza kutoa ishara, nayo mashine ikahama kutoka mfululizo mmoja wa amri hadi mwingine.

Huko Uholanzi jambo hili lilizua hofu. Mnamo 1957 wahandisi Loopstra na Scholten, waliokuwa wakibuni mashine ya X1, walimweleza mwenzao Edsger Dijkstra wazo hilo. Dijkstra alisimulia baadaye kwamba alitaharuki, akauchelewesha uamuzi kwa miezi mitatu hivi, hata wakambembeleza akalegea. Hofu yake haikuwa ya bure. Ishara yaweza kufika baina ya amri zozote mbili, na kosa litokealo leo huenda kesho lisionekane tena, hata programu ikiwa ni ile ile. Basi akajifunza namna ya kulidhibiti jambo hilo, na tasnifu yake ya 1959 ilihusu programu hiyo.

Kanuni alizokabiliana nazo zingali zikiwabana waandishi wa programu za kuendesha vifaa. Ishara ifikapo, yaliyomo katika rejista huhifadhiwa. Kifaa huhudumiwa upesi. Kisha yaliyohifadhiwa hurudishwa, na kazi ya kwanza huendelea kana kwamba haikuguswa. Shughuli ndefu huahirishwa, kwa kuwa ishara nyingine zaweza kuwa zinangoja mlangoni.

Hapa ndipo sisi wa lugha tunapohusika. Yuko atakayesema "kukatisha". Hatukubaliani naye: aliyekatisha masomo ameyaacha, na mwanafunzi asomaye hivyo ataamini kwamba kazi ya kwanza imepotea, ambalo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika somo hili. "Kudakiza" kumekaribia, ila kuna harufu ya utovu wa adabu, tena ni kwa maneno tu. "Hodi" ilitupendeza sana, maana mwenye nyumba aweza kumwacha mgeni angoje. Lakini abishaye hodi kwa desturi hungoja kuitikiwa, na ishara hii, isipozuiwa, huingia moja kwa moja.

Kwa maoni yetu "kukatiza" ndiko kunakofaa, kwani aliyekatizwa usemi huweza kuendelea pale alipokomea. Tunapendekeza basi "katizo", wingi "makatizo". "Ombi la katizo" kwa ishara itokayo katika kifaa. "Kuzuia katizo" kwa kuliahirisha kwa muda. Na "kishughulikia-katizo" kwa sehemu ya programu inayolipokea. Hili la mwisho ni refu, na mwenye fupi zaidi atuletee.